Ndege Niliyoizika Kabondo

Mume wangu huisimulia habari hii kama kichekesho. Akiwa na chupa mbele yake na mashemeji wamemzunguka, husema, "Huyu mama alizika ndege ya vita na mikono yake!" Watu hucheka mpaka machozi. Mimi siku ile nilikuwa na siku nne tangu nijifungue, na sikucheka. Ndiyo maana naiandika mwenyewe.

Uhuru ulitupa bendera. Haukupita muda mrefu, uasi ukauchukua mji wetu wa Kisangani, nasi tukajibana nyumbani, mtaa wa Kabondo. Mume wangu alikuwa karani katika bohari moja kando ya mto. Mzungu aliyemwajiri alipokimbia, aliacha mezani boksi lenye ndege ya plastiki ya kujiundia, mfano wa zile zilizopigana vita vya wazungu zikiruka kutoka mgongoni mwa meli. Mume wangu akaileta nyumbani chini ya fungu la pondu, majani ya muhogo. Mpaka leo sili pondu ile bila kuikumbuka.

Ndani ya boksi mlikuwa na vipande vidogo vya kijivu, vimeshikana kwenye vijiti kama samaki waliotungwa, karatasi ya michoro, na gundi iliyonuka mpaka kisogoni. Mimi nina mimba ya miezi minane, natapika, yeye anabandika.

"Papa, hii kitu ni ya nini?" nikamwuliza.

"Muzungu alisema nimumalizie. Akirudi ataikuta."

"Muzungu amekimbia hata soksi ameacha, wewe unabakia kumumalizia michezo?"

"Bon, angalia kwanza. Mabawa inakunjwa, ili ienee ndani ya meli."

"Kunja na kichwa yako."

Niseme ukweli: mikono yake ilikuwa ikitetemeka tangu waasi waingie. Kijiko kiligonga sahani kila alipokula. Ilitulia pale tu aliposhika vile vipande. Nililiona hilo, nikanyamaza wiki mbili. Kunyamaza huko sijajisamehe.

Wembe niliouficha kwa ajili ya kukatia kitovu cha mtoto, aliutumia kukatia plastiki. Siku ya uchungu mkunga akaulizia wembe, nikamwona baba wa mtoto anatazama ukuta. Mkunga akatoka mbio kuomba kwa jirani, mtoto tayari yuko nje, bado tumefungana.

Sasa sikia jambo lililonitia hofu. Nyumba ya tatu kutoka kwetu alikaa fundi wa redio. Mkewe alikuwa na waya wa kuanikia nguo kutoka dirishani hadi kwenye mpapai. Wapiganaji wa uasi wakasema ni waya wa kuzungumzia na ndege za serikali zinazotupiga mabomu. Walimchukua mama huyo na shati lililolowa mkononi. Hakurudi. Kesho yake wakapita na kipaza sauti: atakayekutwa na chochote cha kuitia ndege ni msaliti, na msaliti tunajua anapelekwa wapi.

Waya wa nguo, mtu amekufa. Sisi tuna ndege yenyewe, juu ya kabati.

Asubuhi ya siku ya nne tangu nijifungue, ndege za kweli zilikuja. Nyumba ilitikisika, nikamlalia mtoto. Zilipoondoka nikajua kwamba waasi watapita nyumba kwa nyumba. Mume wangu alikuwa bohari, kwa sababu asiyefika kazini naye alihesabiwa msaliti. Nikaitoa ndege juu ya kabati, nikaisukuma ndani ya mbabula, jiko letu la makaa, nyuma ya nyumba.

Mimi nimesoma sekondari kwa masista. Nilijua kemia kidogo. Lakini hofu haina kemia. Plastiki ikatoa moshi mweusi tii, mnene, ukapanda moja kwa moja juu ya paa kama mtu anayenyoosha mkono. Nikamwagia maji, ukazidi.

Wakaingia wapiganaji wawili, na mikuki, na bunduki moja.

"Nani anaonyesha ndege njia?"

Hapo nikakumbuka dawa yao. Mganga alikuwa amewanyunyizia maji ili risasi zisiwaingie, na maji yale yalikuwa na masharti: wasiguse mwanamke, na damu ya uzazi wasiikaribie kabisa, la sivyo dawa inakufa.

"Mimi ni mzazi," nikasema. "Siku nne. Nachoma vitu vya uzazi."

Kijana mwenye bunduki akaruka nyuma, akafunika pua. Lakini mwenzake alikuwa mtu mzima, na watu wazima wanajua mambo.

"Kwetu kondo ya mutoto inazikwa. Hakuna mutu anachomaka. We ni mama ao ni mulozi?"

"Mwanaume iko kazini. Ningechimbiwa na nani?"

"Mwaga hapo, tuone."

Nikamwaga. Likatoka donge jeusi, linachemka. Lingeweza kudhaniwa nyama. Ila gurudumu moja lilikuwa bado zima, dogo kama punje ya mahindi. Nikalikanyaga kwa unyayo mtupu. Kovu ninalo.

"Zika. Sisi tunaangalia."

Nikachimba kwa panga, nimepiga magoti, kando ya migomba, pale pale palipozikwa kondo la kweli. Kwetu kulichoma ni kumkatia mtoto maisha, nami nilikuwa nimelitamka jambo hilo kwa kinywa changu, juu ya mwanangu. Damu ikaanza kunishuka miguuni. Yule kijana aliiona.

"Tuende, mukubwa. Huyu atatuharibia dawa."

Wakaondoka kinyumenyume.

Mume wangu alirudi alasiri. Alitazama juu ya kabati kabla hajamtazama mtoto.

"Ndege iko wapi?"

Nikamwonyesha udongo. Nikamweleza yote, mpaka mguu nikamwonyesha. Akakaa chini. Kisha akatia mkono mfukoni mwa shati, polepole, akatoa kikaratasi kilichokunjwa. Ndani yake alikuwamo rubani. Mtu wa plastiki, mdogo kuliko ukucha, na kofia yake.

"Nilitaka kumupaka rangi kule kazini," akasema.

Kati ya nyumba yetu na bohari kulikuwa na vizuizi vitatu. Kila kizuizi walipekua mifuko. Kwenda na kurudi.

Nilimpiga kofi. Hakujikinga. Mikono yake ikaanza tena kutetemeka, rubani akaanguka, ikabidi tumtafute sakafuni sote wawili kwa magoti. Tulipompata, mume wangu akatoka nje, akambonyeza kwa kidole gumba ndani ya udongo uliokuwa bado laini. Mtoto akalia. Nikampa titi, na maziwa hayakutoka mpaka kesho yake.

Mashemeji huulizia ndege. Habari ya mfukoni hawaijui. Akifika hapo, baba wa mtoto huomba chupa nyingine.