Chai ya Waamerika, Kahawa ya Ami

Mficha uchi hazai, nami huu nimeuficha vya kutosha.

Tulifika Maskati mwaka 1964, mimi na mama, na sanduku moja. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Mama alitia nguo humo, mimi nikatia kitabu kinene cha historia nilichosomea skuli Unguja, kilichoeleza namna Waamerika walivyojitoa mikononi mwa mfalme wa Waingereza. Wenzetu walikimbia na dhahabu zao, mimi nikakimbia na Waamerika. Mama hakuacha kunisema kwa hilo.

Aliyetupokea ni ami yangu, ndugu wa baba, mfanyabiashara wa vitambaa, mwenye nyumba kubwa ndani ya ukuta wa mji. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe langu mimi lilikuwa kuwasomesha wanawe wawili, maana skuli zilikuwa chache mno. Kiarabu changu kilikuwa cha kusalia tu, kwa hivyo nilisomesha kwa Kiswahili, walichokipata kwa mama yao. Hesabu niliwafundisha kwa wajibu. Waamerika niliwafundisha kwa mapenzi: kodi waliyotozwa bila ya kuulizwa, usiku walipopanda merini wakamwaga shehena nzima ya chai baharini, vita vya miaka mingi, askari waliotembea barafuni bila viatu.

Wanafunzi walipiga miayo. Aliyesikiliza ni mpishi wa nyumba, mwanamke mzee aliyekaa mlangoni na sinia lake la mchele. Alikuwa mtumwa. Naliandika neno kama lilivyo kwa sababu wakati ule sote tulilikwepa, tukisema "mtu wa nyumba". Aliletwa Oman kutoka Mrima akiwa mtoto, na Kiswahili chake kilikuwa cha zamani, kizuri kuliko changu. Watoto walimwita kwa jina tupu. Mimi nilimwita Bibi na kumwamkia kila asubuhi, na nilijiona mtu mwema sana kwa shikamoo hizo.

Siku niliyofika kwenye waraka wao wa kutangaza uhuru, uliosema watu wote wameumbwa sawa, aliuliza bila ya kuinua macho:

"Na hao walioandika, majumbani mwao nani akiwapikia?"

Nikamwambia kweli. Wengi wao walikuwa na watumwa, na waraka haukumwacha huru hata mmoja.

"Ala," akasema, akaendelea kuchagua mchele.

Lakini baada ya siku chache alinikamata jikoni. Binti yake alikuwa mji wa Sur, ameachwa huru na bwana wake, ameolewa, na sasa anaumwa. Bibi hakumwona kwa miaka sita. Alitaka ami amwandikie karatasi ya uhuru ili aende akamuuguze.

"Mwombe wewe, Bibi. Ami si mtu mbaya."

"Nshamwomba mara tatu. Hucheka, akanambia nani atampikia." Akanikaribia. "Ijumaa ana wageni, keshasema utawahadithia habari za Waamerika. N'takumiminia kahawa. Usinywe. Iweke finjani chini mbele yako. Hapa mtu akiiweka hivyo, mwenye nyumba lazima amuulize ana haja gani. Nawe useme haja yako mbele ya watu. Hawezi kukataa, itakuwa aibu yake."

"Lakini mimi si mgeni, ni mtoto wa nduguye."

"Alokaribishwa kuzungumza ni mgeni. N'ahidi, mwanangu."

Nikaahidi. Niliapa, tena kwa Mungu.

Ijumaa majilisi, chumba cha kupokelea wageni, ilijaa. Ami aliniketisha karibu yake, jambo ambalo hajapata kulifanya, akawaambia wenziwe kwa Kiarabu kwamba huyu ni mtoto wa ndugu yake, kasoma. Nikaanza, na ami akatafsiri. Nilipofika kwenye chai kumwagwa baharini wazee wale walicheka mpaka wakafuta machozi. Mmoja alipiga goti lake akasema, hao ndio wanaume. Nikavimba.

Bibi akaingia na birika la kahawa. Kwa umri wake hakuna aliyeona ajabu. Akamimina finjani, akanipa mkononi, akasimama.

Kwa miaka mingi nimejiambia kwamba nilisahau kwa utamu wa mazungumzo. Ni uwongo. Nilikumbuka kila kitu. Nilimtazama ami, nikafikiria chumba chetu cha juu, mama yangu asiye na pengine pa kulala, na ule mkono wa ami begani kwangu, mzito, wa kujivunia. Mkono wangu ukaanza kuishusha finjani, kisha ukairudisha juu. Nikainywa kahawa. Nikanywa na finjani ya pili, kisha nikaitikisa kuonyesha nimetosheka, kama nilivyofundishwa, na nikaendelea kuwasifu watu waliokataa kuonewa. Sijapata kuwa na ulimi mwepesi kama siku ile.

Bibi hakunilaumu. Asubuhi niliposema shikamoo aliitikia marahaba kama kawaida. Ingekuwa rahisi zaidi kama angenitukana. Nikaacha kufundisha Waamerika, nikasema kitabu kimeliwa na mchwa.

Binti yake alifariki mwaka uliofuata. Khabari ilifika baada ya mazishi, kwa mdomo wa mchuuzi wa samaki mkavu.

Mwaka 1970 nchi ilipopata Sultani mpya na utumwa ukapigwa marufuku, mjukuu wa Bibi alikuja kutoka Sur kumchukua. Nilibeba furushi lake la nguo mpaka kwenye gari, na pale, mbele ya mjukuu, nikamwambia nililokuwa nimelikwepa miaka yote: kwamba sikusahau, niliogopa.

"Najua," akasema. "N'liuona mkono wako. Finjani ilikuwa ishaanza kushuka, na ami yako keshakukodolea macho. Ndo n'kakuongeza ya pili upesi upesi, asije akakuuliza mkakosa pa kulala."

Akapanda gari. Mjukuu, asiyejua tulilolizungumza, akanipa mkono, akanishukuru kwa kumtunza bibi yake.