Siri ya Sala ya Alfajiri Niliyoifuata Kalenga

Jumuiya yetu hapa Mbeya inaitwa Uaminifu. Ni jina zuri, na bado ni jipya maana halijatumika. Tangu Pasaka, ile sala ya Jumamosi alfajiri ya kuzunguka nyumba kwa nyumba haijafanyika hata mara moja. Wazee wa kanisa wakatuonya: Jumamosi hii ikipita hivyo hivyo, jumuiya inavunjwa.

Mimi ndiye mwenyekiti, mwaka wa kumi na tisa sasa, na kosa si langu. Kila Jumamosi niliamka, nikasimama gizani, nikafunua pazia kidogo kuona kama taa za majirani zinawaka. Hazikuwaka. Mwenyekiti hawezi kwenda kuviimbia viti. Nikakumbuka kwamba mdogo wangu Atupele, aliyeolewa Kalenga, ana jumuiya ambayo haijawahi kuruka wiki. Nikanunua daftari jipya, nikaenda kuchukua siri yao.

Jumatano, saa kumi na mbili asubuhi. Kabla basi halijaondoka, mama mmoja alisimama akatuombea tufike salama, sote tukasema Amina. Igawa hatujafika, watu wa Amina wakaanza kumpigia dereva kelele: "Suka, umebeba mayai?" Nami nilitazama saa, nikaguna.

Makambako upepo ulinivua kofia, jambo lililowashinda wahubiri kadhaa.

Kalenga nilifika jua likielekea kuzama. "Kamwene, kaka!" Atupele alinisalimu Kihehe makusudi. "Na daftari? Umekuja kutukagua?"

"Nataka siri ya sala yenu."

"Siri! Kula kwanza."

Alhamisi, siku ya sala yao, saa kumi na moja na nusu alfajiri, aliniamsha. Anatembea kwa fimbo, goti lake bovu, lakini mimi ndiye niliyekuwa nikiomba tupunguze mwendo. Tuliingia kwa Mzee Lupala, jirani yake aliyefiwa na mke. Alikuwa ametandika kitambaa cheupe mezani, taa inawaka, kitabu cha nyimbo kiko wazi. Akaanza kuimba.

Nikamnong'oneza: "Mzee, hatuwasubiri waumini?"

"Si ndio sisi? Leo tumejaa, tuko watatu."

Baada ya sala alikunja kitambaa, akampa Atupele. Utaratibu wao ndio huo: kitambaa kikilala kwako, wiki ijayo sala ni kwako, aje mtu asije.

"Mvua zile kubwa njia ilikatika," alisema Atupele. "Kikakwama kwangu wiki tatu. Nikaimba."

"Peke yako?"

"Sauti ya pili ilikosekana kidogo."

"Sasa mnajuaje kama watu watakuja?"

"Hatujui. Kwani wewe, kaka, ukitaka kusali, unamwuliza kwanza Mungu kuna nani mwingine?"

Mzee Lupala alicheka mpaka akakohoa. Daftari langu likabaki jeupe. Ijumaa, nilipokuwa naaga, Atupele alinitia kitambaa kingine mfukoni.

Jumamosi, saa kumi na moja na nusu, Mbeya. Baridi ilikuwa ile ya kwetu, inayomfanya Mkristo asali chini ya blanketi. Sikufunua pazia. Niliwasha taa, nikatandika kitambaa.

"Unamwandalia nani?" mke wangu aliuliza.

Nikaanza wimbo, kwa sauti ambayo kwaya iliistaafisha mapema. Yeye, kwa huruma, akanipokea. Ubeti wa pili haujaisha, mlango ukagongwa. Alikuwa Mama Sekela wa nyumba ya pili, amejifunika blanketi, na nyuma yake majirani wanne.

"Mwenyekiti, u mzima? Tumeona taa."

"Kumbe mlikuwa macho?"

"Tangu Pasaka tunaamka, tunachungulia kwako. Tukiona giza, tunajua mwenyekiti amelala, nasi tunarudi kitandani."

Sikuuliza kama nao walichungulia bila kuwasha taa zao. Kumbe jumuiya yetu haikuwa imeruka hata wiki moja. Ilikutana kila Jumamosi, kila mtu nyuma ya pazia lake. Nimekwenda hadi Kalenga na kurudi ili nifundishwe kuwasha taa yangu mwenyewe, na ninamshukuru Mungu kwa uvumilivu wake kwa wenyeviti.

Tulipomaliza nilikunja kitambaa, nikamkabidhi Mama Sekela.

"Na wasipokuja?" aliuliza.

"Imba," nikamwambia.