Mstari wa Mwisho wa Fomu

Mtaa mzima ulimwita Fundi, maana sare za nusu ya watoto wa shule ya pale zilipita kwenye cherehani yake. Miaka mitatu sasa cherehani hiyo ilikaa chumbani kwa baba yake, mzee aliyepigwa na kiharusi upande wa kulia. Fundi alishona pindo, akainuka kumgeuza mzee. Akashona mfuko, akainuka kumpeleka chooni. Baba alikuwa mwashi enzi zake, mwili mkubwa, na kiharusi hakikumpunguza hata kilo moja.

Kaka mkubwa alikuja kila Jumapili, akishashiba kwake. Alimshika baba mkono, akasema, "Mdogo wangu, Mungu atakulipa," akaondoka akijiona naye ameuguza. Kwa kumtwika Mungu kazi zake, bwana yule hakuwa na mpinzani.

Uvimbe ulimtoka Fundi kinenani siku moja akimwinua baba. Alikaa nao mwaka mzima. Alijishonea mkanda wa jinzi wenye matundu manne ya kukazia, akajibana, mambo yakaenda. Mpaka Jumanne moja maumivu yalipomkalisha sakafuni. Akamwomba jirani amwangalie mzee hadi saa saba, akaenda hospitali.

Mapokezi walimjua. Mhudumu alichungulia nyuma yake.

"Mgonjwa yuko wapi leo?"

"Ni mimi."

"Acha utani, dada. Mzee umemwacha nje?"

Ikabidi afunguliwe faili jipya. Miaka mitatu ya kwenda na kurudi, na pale hapakuwa na faili lenye jina lake.

Daktari aliufungua ule mkanda, akautazama.

"Nani kakushonea hiki?"

"Nimejishonea."

"Mshono mzuri, lakini umeficha ngiri. Unanyanyua nini?"

"Baba."

Daktari akaandika kwenye faili. "Upasuaji ni wiki hii. Halafu wiki sita usinyanyue hata ndoo. Utumbo ukinaswa humo utaletwa umebebwa, na huenda tusikuwahi."

Nesi akampa fomu. Fundi aliijaza harakaharaka, kwa mkono uliozoea, akairudisha. Nesi akaisoma, akacheka.

"Dada, hapa mwisho wanataka mtu atakayekuuguza. Umejiandika mwenyewe."

Fundi akatazama. Kweli. Mstari ule alikuwa ameujazia jina lake mara nyingi mno hata mkono haukumuuliza.

"Weka mtu mwingine," nesi akasema. "Bila huyo hatukupangii siku."

Akampigia kaka yake, akamweleza yote, pamoja na yale ya kutowahiwa.

"Wiki sita?" kaka akapiga kelele. "Sasa baba atainuliwa na nani?"

"Na wewe, kaka."

"Mimi? Mgongo wangu si unaujua? Hebu vumilia kidogo, tutaongea Jumapili."

Hakuuliza inauma wapi. Fundi alitamani kumtukana mbele ya watu wote, lakini kaka alikuwa ameshakata simu.

"Tumwandike nani?" nesi akauliza, kalamu mkononi.

"Acha hivyo hivyo."

"Haikubaliki, dada."

Fundi akaikunja fomu, akaitia kwenye mfuko wa dawa za baba aliozoea kuja nao. Saa sita ilikuwa imepita, na jirani alisema mwisho wake saa saba. Akajifunga mkanda wake pale pale kwenye benchi, akaukaza tundu moja zaidi, akaenda kumgeuza mzee.