Gunia Nililolikalia

Kikundi chetu cha akina mama hapa Garissa kilipika sabuni ya kwanza ya kuuza. Mwalimu wetu, msichana wa kutoka bara, alisema tuifunike na blanketi ipoe polepole, ishikane. Blanketi kwa joto hili? Mwalimu na wenzangu walipoondoka nikaifunika na gunia lililolowa maji, kama ninavyopoza maziwa.

Asubuhi akaja mnunuzi wa shule ya bweni. Alipokata kipande, kikavunjika kama chaki. Akaanza kufunga mkoba wake.

"Mwalimu ametupa dawa mbovu ya sabuni!" nikasema kwa ukali.

Msichana akageuza kipande, akawaonyesha wenzangu alama za nyuzi za gunia.

"Ayeeyo," akaniambia kwa heshima, akiniita bibi kwa Kisomali, "hebu inuka kidogo."

Nikainuka. Chini yangu lilikuwa lile gunia, na guntiino yangu, vazi langu la kujifunga, ilikuwa imelowa nyuma, maji yakidondoka.