Picha ya Dokta Kwenye Kopo

Asubuhi ya mwisho iliyokuwa asubuhi tu kama nyingine, Mwanakheri alikunywa chai amesimama. Siku zote alikunywa amesimama. Mumewe, Mzee Abeid, alikuwa akimpigia pasi koti jeupe la kazini juu ya meza ya jikoni. Ilikuwa Februari ya 1997. Nje, mtaa wa Schaerbeek bado giza, na ile mvua ya Brussels isiyonyesha wala kuacha.

Pembeni ya meza palikuwa na kopo la mafuta ya kujipaka. Kopo jeupe, halina karatasi wala jina. Mansour mwenye duka ndiye aliyeliacha jioni ya jana.

"Litoe hapo," Mwanakheri alisema. "Tunakula."

"Niliweke wapi?"

"Popote pasipo na mkate."

Alikunja koti akalitia kwenye mkoba, akafunga kilemba, akachukua mwavuli. Alipofika mlangoni Abeid akamwuliza tena habari ya lile kopo. Akajibiwa neno, wakacheka wote wawili, mkewe akashuka ngazi kuiwahi tramu. Neno lenyewe litakuja mahali pake.

Kabla ya adhuhuri simu ililia. Mtu wa chuoni alisema Kifaransa cha mbio. Abeid alishika maneno mawili tu, madame na hôpital. Mshipa wa kichwa ulikuwa umempasukia mbele ya wanafunzi. Hakurudi nyumbani.

Mwanakheri alikuwa profesa wa kemia. Si kemia yote. Abeid hakukanyaga shule. Alikuwa fundi cherehani sokoni Bujumbura walipooana, na ndugu wa mke walinuna harusi nzima, binti msomi anampa nani mkono. Siku moja akamwuliza mkewe, unafundisha nini hasa? Akamwambia, "Vyote ambavyo ukivichoma vinaacha masizi. Mafuta, sukari, kuni, nyama, mimi na wewe." Abeid akaelewa. Hakuuliza tena.

Mwanakheri alizaliwa Buyenzi, mtaa wa Bujumbura, akasoma kwa masista, akafundisha sekondari miaka michache, kisha akapata nafasi ya kuja kusoma Ubelgiji. Abeid akamfuata na cherehani yake. Mwanakheri aliandika kitabu cha udaktari juu ya mafuta ya mchaichai. Nyumba yao ilinukia mchaichai mpaka Abeid akaacha kuutia kwenye chai. Alipomaliza, walimpa kazi ya kuwasaidia wengine. Aliosha vyombo vya kioo vya vijana wenye shahada ndogo kuliko yake. Karatasi yake ya kazi ilikuwa ya mwaka mmoja, na kila Septemba aliingoja kama mtu anayengoja hukumu.

Baadaye chuo kimoja cha Etterbeek, kinachofundisha mafundi wa maabara, kikamchukua. Mkuu wa idara aliitwa Donat. Donat alifundisha juu, kwenye ukumbi wenye madirisha. Mwanakheri alipewa chini, maabara, pamoja na moshi. Kule chini kuna kabati la kioo lenye feni ya kunyonya hewa mbaya, mtu anafanyia kazi humo ili asiivute. Feni ilikufa. Akaomba itengenezwe. Wakasema mwakani. Mwakani wakasema mwakani. Harufu ikapanda ngazi mpaka kwenye vyumba vya wakubwa, na hapo mwalimu mmoja akasema kikaoni kwamba labda ni chakula anacholeta madame.

Siku hiyo alirudi nyumbani akavulia nguo nje kwenye baraza, akajifukiza udi, akakaa. Abeid alivaa viatu.

"Unakwenda wapi?"

"Kumtemea mate."

"Vua viatu. Mate yako usiyapoteze kwa mtu yule."

Akavua. Lakini kinyaa kile hakikumtoka. Mpaka leo akipita Etterbeek anaangalia upande mwingine.

Miaka ikaenda hivyo. Wanafunzi waliomcheka matamshi yake mwezi wa kwanza, walimtafuta mwezi wa mitihani. Mwaka 1991 mwalimu mmoja akaacha kazi ghafla, hakuna mwingine wa kushika somo, wakampa Mwanakheri uprofesa wa kudumu. Wakafanya sherehe ndogo ya juisi na biskuti. Donat akamwekea mkono begani, akasema, "Tumekufikisha mbali, madame." Wakapigwa picha vivyo hivyo.

Picha ilipokuja nyumbani, Abeid alitoa mkasi wake wa kazi akamkata Donat. Alikata vizuri. Ila vidole vinne vilikuwa vimelala juu ya koti, na kuvikata ni kukata bega la mke wake. Akaviacha. Basi picha ikatundikwa sebuleni: Mwanakheri wa Buyenzi, mweusi wa kung'aa, koti jeupe limenyooka, hacheki, na begani vidole vinne vyeupe visivyo na mwenyewe. Wageni wakiuliza, anawaambia, "Ndiyo mshahara wake, huo."

Watu wa kwao waliohamia Brussels walimwita Dokta. Hawakutaka kujua ni dokta wa nini. Walimletea vidonge, walimletea chupa za mkojo. Mzee mmoja alikuja na picha ya kifua chake kutoka hospitali. Mwanakheri akainyanyua dirishani.

"Unaona nini, Dokta?"

"Naona nguo za jirani zimeanikwa mvuani."

Kina mama, wao, walitaka jambo moja. Walimvuta pembeni kwenye arusi na maulidi. Dokta, wewe unajua dawa, tuambie ile nzuri, isiyounguza. Walikuwa wanajichubua. Warda wa ghorofa ya pili alikuwa amefika mahali pabaya, uso Fanta, miguu Coca, na shavuni doa kama alama ya pasi. Mwanakheri alimpaka mafuta ya nazi na kumgombeza kwa wakati mmoja.

Na aliyekuwa akiwauzia mkorogo huo ni Mansour.

Mansour ni mtoto wa Bujumbura pia, anacheka upesi, mikono yake laini. Dukani kwake, karibu na njia ya tramu, kuna samaki wakavu, nywele za bandia, kadi za simu na rafu nzima ya makopo. Mwezi huo wa Februari alikuwa amekuja mara mbili. Mara ya kwanza alileta kopo, Mwanakheri akachukua kijiko kimoja kwenda kukipima chuoni. Mara ya pili, jioni ile ya jana, alikuja kuchukua jibu, na kopo jingine mkononi.

"Dokta, mimi sitaki mengi," alisema. "Uniruhusu tu niandike jina lako. Profesa fulani ameikubali. Watu wanakuamini."

"Nimeipima, Mansour. Imo humu dawa ya kuoshea picha."

"Picha gani?"

"Hizi unazopigwa arusini. Mpiga picha anaziosha kwenye chumba cha giza, kwa dawa. Dawa yenyewe ndiyo hii, mmeikoroga na mafuta ya mgando."

"Mais, ni kidogo tu, Dokta."

"Hilo kopo linaosha arusi tatu."

Mansour akacheka, akamwangalia Abeid kama anaomba msaada. Abeid alikuwa anatia uzi kwenye sindano.

"Bon," Mansour akasema. "Maman wenyewe wanaitaka. Nisipowauzia mimi, Bertin wa duka la jirani atawauzia."

"Basi Bertin atatangulia motoni, wewe utamkuta."

"Dokta, na chuo kile kimekupa nini? Miaka yote hiyo unavuta sumu kwa ajili yao. Mimi nitakupa fungu lako kila mwezi, hapa hapa mezani."

Mwanakheri alisimama akamfungulia mlango. Mansour akatoka, hana aibu, na kopo akaliacha makusudi. Labda alifikiri mtu akilala na kitu atakizoea.

Kesho yake Mwanakheri akafa.

Bujumbura kulikuwa na vita na ndege haziendi. Wakamzika huku huku, kwenye udongo uliojaa maji. Donat alikuja na koti refu, akasema mbele ya watu kwamba chuo kimepoteza tabasamu lake. Abeid alimwangalia vidole. Tabasamu gani? Mwanamke yule hakutabasamu pale hata siku ya biskuti. Baada ya wiki chache Abeid akasikia feni ya kule chini imetengenezwa, kwa kuwa mwalimu mpya alikataa kuingia bila hiyo. Mwalimu mpya alikataa siku moja tu.

Arobaini ilisomwa nyumbani. Aliyelia kuliko wote ni Mansour. Alibeba viti, alibeba soda, alishika mikono ya wazee. Mwisho akasimama mbele ya ile picha ya sebuleni.

"Papa Abeid, hii ni ndogo. Nipe niikuze, niiwekee fremu nzuri. Ni haki yake."

Akampa. Mansour akairudisha wiki ile ile, pamoja na nyingine kubwa, yenye fremu ya rangi ya dhahabu. Abeid akamshukuru, akamwombea dua.

Ikafika vuli. Jumamosi moja Naïma, binti yao, anayeuguza wazee huko Berchem, alikuja na mfuko. Hakukaa.

"Papa, wewe kaa kwanza."

Akaweka kopo mezani. Lilikuwa jeupe kama lile la kwanza, ila sasa lina karatasi. Kwenye karatasi kuna mwanamke mwenye koti jeupe. Abeid hakumjua. Alikuwa mwekundu kama kamba wa baharini aliyechemshwa, hana mistari usoni, hana mashavu yake. Halafu akaona begani. Vidole vinne.

"Imeandikwaje?"

"Mafuta ya Dokta. Yamekubaliwa na profesa wa kemia." Naïma alisema polepole. "Nimeyakuta kwenye mkoba wa mwenzangu kazini. Anasema Dokta huyo alikuwa mweusi kabisa, akajipaka, akatakata."

Abeid alitazama tena. Uso wa mke wake na vidole vya Donat vilikuwa rangi moja. 

Akainuka akaiteremsha picha ukutani, ile ndogo, ya asili. Fremu ya dhahabu aliiacha imegeukia ukuta.

Duka la Mansour lilijaa. Samaki na manukato vilichanganyika vikawa kitu kimoja kibaya. Makopo yalipangwa mbele kabisa, safu juu ya safu, Mwanakheri, Mwanakheri, Mwanakheri, wote wekundu. Maman mmoja mnene alikuwa ameshika moja.

"Papa Abeid!" Mansour alisema. "Kiti. Mpeni Papa kiti."

Abeid aliweka picha juu ya kaunta, karibu na mkono wa yule maman.

"Maman, hivi vidole ni vya nani?"

Mama akainama. "Vya mzungu."

"Na huyu?"

"Huyu ni mtu wetu. Mweusi."

"Sasa angalia kopo."

Mama aliangalia kopo, akaangalia picha, akahesabu vidole kwa ncha ya ukucha. Wengine wakasogea. Halafu maman yule akaliweka kopo chini, akafuta mkono kwenye kitenge.

"Mansour. Hata marehemu umemchubua?"

"Si mimi, maman. Ni mtu wa imprimerie, aliyechapa karatasi. Mashine yake ina mwanga mwingi."

"Ina mwanga, na wewe una macho," mwingine akasema. "Arobaini ulilia mpaka tukakuletea maji."

"Alikuwa analilia bei," akasema wa nyuma.

Wakacheka kicheko kibaya. Mansour akaanza kuyashusha makopo kwenye katoni, haraka haraka, jasho kwenye mdomo wa juu. Abeid akavuta kile kiti alichopewa, akakaa, akaanza kubandua karatasi. Fundi cherehani ana kucha za kufumulia. Kopo moja, kopo jingine. Kila picha aliikunja akaitia mfukoni. Yaliyobaki ni mafuta tu, makopo uchi, hayana jina la mtu.

Katikati ya kazi hiyo alimsikia mama mmoja mwembamba, kando ya samaki, anamnong'oneza Mansour, "Sasa yakishakuwa bila picha, bado utauza?"

Abeid hakuinua kichwa. Mate yalimjaa mdomoni, akayameza, kwa kuwa alikwisha kukatazwa kuyapoteza.

Alipomaliza aliinuka, akachukua picha yake. Mansour alisimama na katoni mikononi kama mtu aliyekabidhiwa mtoto asiye wake.

"Bon, Papa," alisema. "Umeshinda. Sasa mimi nifanye nini na haya yote? Niyamwage chooni?"

"Hilo nililiuliza mimi kabla yako," Abeid alisema. "Asubuhi ile, mlangoni. Na yeye alinijibu."

"Alisemaje?"

Abeid alifunga kifungo cha koti, picha kifuani, akawapa neno kama alivyopewa, bila kuongeza wala kupunguza:

"Usiyamwage chooni, Papa Naïma. Maji ya choo hayajamkosea mtu."