Muhuri Kwenye Tangazo la Uongo

Niacheni niseme, maana nikinyamaza nitapasuka. Mimi najalidi vitabu maktabani. Mwenzangu wa meza ya pili, mama wa watoto watatu, mwaka wa sita huu Jumamosi zake zote anafundisha watu wazima kupima habari za kwenye simu. "Nani kasema? Lini? Umemuuliza?" Ndiyo maswali yake, hata mumewe nyumbani hapumui.

Juzi akawatungia zoezi: tangazo la uongo kwamba maktaba inafungwa tarehe thelathini na moja Juni. Juni gani hiyo? Sahihi hakuna, namba ya simu pungufu. Wanafunzi waliligundua kabla mwalimu wao hajakaa hata kitini, wakacheka mpaka machozi. Ila dereva mstaafu, mzee mtundu yule, akalipiga picha, akawatumia wanawe kuwatega. Wanawe nao, bila kusoma vizuri, wakalituma kwa watu.

Kosa la mwenzangu lilikuwa moja tu. Alilipiga muhuri wa maktaba ili lipendeze.

Jumatatu kaunta ikafurika watu wanaorudisha vitabu. Mkuu wetu akamwita ofisini, akamfokea mlango ukiwa wazi: "Unaeneza uzushi! Hilo darasa lako basi!"

Jamani! Na aliyelituma kwenye kundi la wafanyakazi, akaandika "Ni kweli, tuwe watulivu", ni nani kama si mkuu mwenyewe? Kweli nyani haoni kundule. Mzee dereva alikuja kukiri kosa lake, akaambiwa asubiri kwenye benchi. Alisubiri mpaka ofisi ikafungwa.

Jumamosi mimi, mwenzangu na wanafunzi wake kumi na wawili tukakuta karatasi mlangoni: darasa limefutwa. Hakuna aliyeondoka. Mwanafunzi mmoja, mama mshonaji, akavaa miwani, akakagua tarehe, kisha sahihi. Mzee dereva akapiga namba iliyoandikwa pale, akaweka sauti ya juu tusikie wote.

"Habari, mkuu. Ni kweli darasa limefutwa?"

"Ni kweli."

"Nani kaamua?"

"Mimi."

"Kwa sababu gani, mwanangu?"

Simu ikakatwa.

Hasira zilinipanda, nikatamani niupige teke ule mlango. Mwenzangu akanishika mkono.

"Umesikia, dada? Wameuliza," akasema, akaangua kilio palepale mbele ya wanafunzi wake.