Kocha msaidizi wa netiboli Kasulu: siku mfungaji wetu aliposhindwa kuinua mikono Kibondo

Wakuu, shikamooni. Wadogo zangu, marahaba kabla hamjasalimia.

Leo nimebandika maharage, ni yale magumu ya kuiva, nikaona badala ya kukaa nayatumbulia macho jikoni bora niwaandikie jambo lililonikaa moyoni miaka mingi. Ni la kweli tupu. Majina tu nimeyabadilisha, maana wahusika wapo na wana simu nzuri kuliko yangu.

Najua wapo wataalamu wa humu watakaosema hii ni chai, nimeitunga. Sawa, kunyweni, vitafunwa mje navyo.

Mimi kwetu Morogoro. Mwaka 2012 nilipangiwa kazi ya kufundisha hesabu kwenye chuo kimoja cha ualimu kule Kasulu. Niliposikia Kasulu nililia, sitaki kudanganya. Nilikuwa naijua kwa habari za wakimbizi tu za redioni.

Nikafika. Kijani kila upande, mawese kwenye kila mboga, na asubuhi baridi ya kuvaa masweta mawili.

Kilichonishinda mwanzoni ni salamu. Mha, mwenyeji wa kule, akikusalimia amekusalimia. Anainama, anapiga makofi taratibu, anauliza nyumbani, watoto, wazee, mvua ya kwenu. Wewe una kipindi, kengele imeshalia, na yeye ndio kwanza amefika kwa shangazi zako. Nilikuwa nanung'unika sana moyoni.

Wiki ile ile niliyofika mkuu wa chuo akaniita. "Madam, wewe bado kijana. Utamsaidia Mwalimu Bigirwa na netiboli ya wasichana."

Basi. Huo ndio ukawa ukocha wangu. Hakuna kozi wala nini. Sekondari nilicheza, ndiyo, ila nafasi ambayo hata mimi nikikosekana mpira unaendelea vizuri tu.

Mwalimu Bigirwa alikuwa kocha mkuu, Mha wa hapo hapo, mtu mzima, mkali, mwenye filimbi shingoni hata akienda kanisani. Alihitaji mwanamke wa kusafiri na wasichana. Ndio maana nikapata cheo.

Naomba niwaeleze kocha msaidizi anafanya nini, maana mnaona tu anakaa benchi.

Anabeba mfuko. Ndani ya mfuko kuna pampu, glukosi, pini, mafuta ya kuchua, pedi, sindano na uzi kwa ajili ya sketi zinazoachia. Anajua nani ana siku zake, nani kagombana na mchumba, nani hajala. Anasuka nywele kwenye gari. Timu ikishinda, kocha kafanya kazi. Ikifungwa, "huyu madam huwa anawadekeza."

Siku ya kutambulishwa uwanjani mtangazaji anasema, "Timu iko chini ya kocha Bigirwa na wenzake." Wenzake ndio mimi. Niliumia jamani! Ila nilizoea.

Sasa nije kwa Devota.

Alikuja 2013, mzaliwa wa vijiji vya Busunzu, upande wa Kibondo. Mrefu, mpole, mkubwa kidogo kuliko wenzake. Alikuwa ameolewa tayari, na mtoto kamwacha kwa mama mkwe ili asome.

Nilimgundua kwenye matofali. Siku ya kazi za mikono wanachuo walikuwa wanamrushia matofali fundi aliyekuwa juu ya ukuta. Ya wenzake yanamkwaruza, mengine yanarudi chini watu wanakimbia. Ya Devota yalikuwa yanapanda na kutua kiganjani kwa fundi taratibu kabisa.

Nikasema huyu ni mfungaji. Bigirwa akacheka: "Madam, umeokota mchezaji kwenye matofali?" Baada ya mwezi alikuwa hacheki tena.

Kila jioni tulikuwa kiwanjani. Wenzake wakienda kula, yeye anabaki chini ya pete. "Madam, moja ya mwisho." Anafunga. "Madam, moja ya mwisho." Mimi nina njaa, ugali wangu wa muhogo unapoa, lakini nilikuwa namrudishia mpira. Nilimpenda yule dada kama mdogo wangu.

Jioni moja tukimenya ndizi nyumbani kwangu alinieleza habari za ukweni. Sisemi Waha wote, nasema ukoo ule. Mke wa mtoto hali mbele ya baba mkwe. Hapiti mbele yake miguu wazi. Hainui mikono juu ya kichwa akiwa mbele yake, hata kama anaanika nguo. Mzee akitokea, mwanamke anashusha mikono, anajitanda, anasogea pembeni. Na mzee naye hamkazii macho. Ndiyo heshima yao, pande zote mbili.

Nikacheka, nikasema kwetu baba mkwe tunagombania naye rimoti. Naye akacheka. Yakaisha hapo.

2014 ulikuwa mwaka wake wa mwisho. Tukasikia afisa michezo kutoka mkoani atakuja Kibondo kuangalia mechi yetu na timu ya akina mama wa mji ule, achague wachezaji wa timu ya mkoa.

Devota hakulala raha tangu siku hiyo. Akimaliza chuo angepangiwa shule ya kijijini ambako hata pete ya kufungia hakuna. Ilikuwa ni siku hiyo au basi. Aliniambia, "Madam, nikiivaa jezi ya mkoa hata mara moja, hata nikizeeka nitakuwa na la kumsimulia mwanangu."

Mume alikubali. Mama mkwe alikubali. Baba mkwe hakuna aliyemwambia, kwa sababu mambo ya mke wa mtoto hayapelekwi kwake.

Tukaenda. Ile barabara ya Kasulu kwenda Kibondo enzi hizo, aliyepita anajua. Tulishuka kwenye Coaster wote rangi moja, nyekundu kwa vumbi. Nikaanza kufuta watu nyuso kwa kanga.

Uwanja ulikuwa wa shule ya msingi, watu wamejaa. Wenyeji wetu walikuwa akina mama wa sokoni na maofisini, vifua vipana, wanacheka huku wakikupiga kumbo. Kwa desturi ya kule mzee hasimami watu wakiwa wamekaa, kwa hiyo kila mwenye mvi aliyesogea alipewa kiti mbele. Haulizwi ametoka wapi wala amemfuata nani.

Filimbi ikalia. Devota akapokea mpira chini ya pete, nafasi nyeupe kabisa.

Akaurudisha nyuma.

Nikasema labda kaona kitu. Akapata tena. Akaukumbatia mpira kifuani mpaka refa akapuliza, kaushika kupita muda. Mara ya tatu akarusha, lakini viwiko vimebana mbavuni, mpira haukufika hata kwenye pete.

"Piga! Inua mikono! We Devota!" Bigirwa karibu ameze filimbi. Nami nilipiga kelele, tena mbaya. Meza kuu, yule afisa alikuwa anamnong'oneza jirani yake, wanatikisa vichwa.

Robo ya pili tukabadili upande. Ajabu, upande ule akafunga. Si kama kawaida yake, lakini akafunga. Halafu kila akigeuka anavuta sketi chini.

Mapumziko tuko nyuma mabao kadhaa. Bigirwa akasema, "Mtoe. Kaliwa na woga."

Nikamvuta Devota nyuma ya Coaster, hasira zimenipanda. Kabla sijafungua mdomo akaanza kulia.

"Madam, baba mkwe yupo pale."

"Pale wapi?"

"Kwenye kiti nyuma ya pete. Mwenye koti na fimbo."

Nikachungulia. Kweli, mzee mwembamba, koti zito, kakaa kiti cha mbele kabisa, hatua chache kutoka kwenye nguzo. Alikuwa kaja mjini kuuza maharage yake, akaona watu wamejaa, akasogea. Wenyeji wakampa heshima yake. Na robo inayofuata Devota alikuwa anarudi upande ule ule.

"Sijui kama kanitambua," akasema. "Ila mimi nimemwona. Siwezi kuinua mikono, Madam. Inakataa yenyewe."

Nilitaka kusema mila gani hizi, mwaka 2014 huu! Nilikuwa na maneno mengi ya kisomi. Lakini yule binti alikuwa kajifunga kitenge juu ya sketi, kajifunika mpaka nywele. Nikayaacha.

Nikamwambia Bigirwa. Wakuu, yule mzee wa makelele alitulia tuli. Mimi mgeni nilihitaji kuelezwa, yeye neno "mkwe" lilitosha.

"Basi mtoe tu, Madam," akasema kwa upole. "Mimi kwenda kumwinua mkwe wa mtu kitini siwezi. Nitaonekana sikulelewa."

Kumbe kocha mkuu naye ana mahali anapogota.

Nikaenda mimi. Nguo yangu ya michezo nyeupe, ya pekee, nikapiga magoti kwenye lile vumbi. Nikainama, nikapiga makofi taratibu kama nilivyoona wenzangu wakifanya.

"Mwidiwe," nikasema. Ndiyo salamu yao ya mchana.

"Mwidiwe," akaitikia, akatabasamu kwa lafudhi yangu. Akaanza. Nyumbani, wazazi, mvua. Huku refa kashika filimbi anaangalia saa! Lakini siku hiyo nilijibu kila swali mpaka la mwisho, kwa sababu sikujua nianzeje lile langu. Unamwambiaje mzee wa watu ondoka?

Mwisho nikasema, "Mzee, mwana wenu yupo hapa. Yuko kazini. Na kazi yake inataka mikono juu."

"Mwana wangu yupi?"

"Mama wa mjukuu wenu wa Busunzu."

Hakugeuza shingo kutafuta. Akatazama ncha ya fimbo yake. Halafu akasema, "Mimi nimekuja kuuza maharage."

Basi. Nikajua nimeharibu. Nikarudi benchi na magoti mekundu, nikamwambia Bigirwa aandae mfungaji mwingine.

Ndipo nikasikia watu wanaguna.

Mzee kasimama. Nikadhani anaondoka. Akakiinua kiti chake, akakigeuza kikaangalia ukuta wa madarasa, akakaa. Mgongo kaupa uwanja. Mikono juu ya fimbo, katulia.

Kijana mmoja akamwambia, "Mzee, mpira uko huku!"

"Ninyi tazameni," akajibu.

Devota alikuwa kasimama karibu yangu. Alimwangalia yule mzee kwa muda, kisha akafungua kitenge, akanipa nikishike.

Wakuu, robo ile! Mpira wa kwanza aliopewa aliinua mikono yote, akanyooka, akasimama kwa vidole vya miguu. Ndani. Wa pili, ndani. Wale akina mama walimsukuma, wakamkanyaga, yeye anarudi pale pale. Kibondo nzima ikahamia kwetu, akina dada wanapiga vigelegele.

Mimi na mfuko wangu nilijisogeza jirani na mzee, kazi yangu si ndiyo kushika maji? Kila shangwe ikilipuka namsikia anamuuliza mama muuza mahindi pembeni yake:

"Nani kaweka?"

"Yule mrefu."

"Ehe."

Shangwe nyingine. "Nani?"

"Si yule yule, mzee! Si ugeuke uone mwenyewe?"

"Ehe," anasema, na fimbo anaigonga chini kidogo. Hakugeuka. Hata tulipobadili upande kwa robo ya mwisho, hakugeuka.

Tulifungwa, kwa bao moja. Lakini afisa aliposimama kutaja wachezaji wa mkoa, jina la kwanza lilikuwa la Devota.

Wenzake wakamrukia. Yeye akajitoa katikati yao, akaja kwangu, akachukua kitenge. Akakifunga vizuri mpaka chini, kanga yangu akajitanda kichwani. Akazunguka mbali, akatokea mbele ya mzee, akapiga magoti kwa umbali unaotakiwa, macho chini, akapiga makofi.

"Mwidiwe."

Mzee akaitikia. Yeye naye alikuwa anaangalia chini. Kisha akasema:

"Nimesikia."

Ni hilo tu. Akachukua fimbo yake akaenda kwenye maharage yake. Devota akabaki amepiga magoti, mabega yanacheka na kulia. Mimi nililia mpaka dereva wa Coaster akaniuliza kama nimefiwa.

Jezi ya mkoa aliivaa. Alipomaliza akapangiwa shule moja huko Gwarama, na kitu cha kwanza alichonitumia ni picha ya nguzo ya pete aliyoisimamisha mwenyewe kwa mti wa porini. 2015 Bigirwa alistaafu, nikawa kocha mkuu. Siku ya kwanza kutambulishwa nilimnyang'anya mtangazaji kipaza sauti nikataja jina la msaidizi wangu, jina na la baba yake. Watu walishangaa. Shauri yao.

Nilichojifunza? Nilikwenda kule nikidhani kazi ya kocha ni kumwambia mtu inua mikono. Kumbe kuna mikono haiinuki kwa kelele. Mpaka mtu fulani akubali kukosa utamu wake ili wewe upate nafasi. Na nilidhani mila ya wenzangu ni ukuta, kumbe mwenye nyumba anajua mlango ulipo.

Yule mzee mechi nzuri kuliko zote za mkwe wake hakuiona hata kidogo, na hakuna shabiki aliyempenda kumzidi.

Haya, maharage yameiva. Nanyi wakuu, nani kwenu aliwahi kukigeuza kiti ili ninyi mcheze? Mtajeni hapa chini, nasoma wote, hata wa chai.